Klasi ya Programu na Mahali Inapofanyia Kazi

Kila maktaba ya kujengea programu za madirisha ina klasi moja ambayo kitu chake huwa kimoja tu. Madirisha yanaweza kuwa mia, vitufe elfu, menyu zikarundikana hadi mtumiaji akapotea, lakini kitu kinachoiwakilisha programu yenyewe hakina pacha: huzaliwa kabla ya dirisha la kwanza na hufa baada ya la mwisho. Kwenye Qt ni cha klasi ya QApplication, kwenye wxWidgets wxApp, kwenye MFC ya Microsoft CWinApp, kwenye GTK GtkApplication, na kwenye Delphi kinaitwa Application tu. Mwanafunzi hukutana nacho siku ya kwanza katika mistari 2, mmoja wa kukiumba na mwingine wa kukiamuru kianze kazi, kisha hukisahau. Hoja ya makala haya ni kwamba kukisahau huko ni kosa la usanifu, na kwamba gharama yake huonekana Musoma, Bunda au Butiama kuliko Oslo au Redmond. Klasi hii ndiyo sehemu ya programu inayopaswa kujua programu iko wapi: lugha gani inasomwa, namba zinaandikwaje, umeme ukoje, na mashine inazimwa na nani, kwa namna gani.

Kazi yake ya msingi ni kusimamia foleni. Mfumo endeshi wa kompyuta huiletea programu habari: kipanya kimesogea, herufi imebonyezwa, dirisha lililofunikwa limefunuliwa, muda uliowekwa umetimia. Habari hizo hupangwa, na kitu cha programu huzichukua moja baada ya nyingine na kukabidhi kila moja kwa dirisha linalohusika. Ni kama mizani moja ya mwaloni: hata mitumbwi ikifika 10 kwa pamoja, samaki hupimwa ndoo kwa ndoo, na anayeikalia mizani anawachelewesha wote. Mzunguko huu haukuwa daima kazi ya maktaba. Kwenye Macintosh ya 1984 mwandishi wa programu aliuandika mwenyewe, akiomba tukio, akilichunguza ni la aina gani, akiamua la kufanya. Windows ya 1985 nayo ilimtaka aandike WinMain na mzunguko wake wa kuvuta ujumbe. Kila programu ilibeba nakala ya msimbo uleule, na kila mwandishi alipata nafasi ya kuukosea kwa mtindo wake. MacApp ya Apple, iliyotoka 1985, iliuchukua mzunguko huo ikauweka ndani ya klasi iitwayo TApplication, mwandishi akabaki na kazi ya kujibu anapoitwa. Borland walilitumia jina hilohilo la TApplication kwenye Turbo Vision ya 1990.

Mageuzi hayo yalihamisha mamlaka. Zamani mwandishi aliiita maktaba. Sasa maktaba inamwita yeye. MFC ya 1992 ilikwenda mbali zaidi: mwandishi anatangaza kitu kimoja cha klasi iliyorithi CWinApp, WinMain inafichwa ndani ya maktaba, na yeye anapata kauli yake ya kwanza ndani ya InitInstance. wxWidgets, ambayo Julian Smart aliianza mwaka huohuo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ina makro inayoizalisha main na kumwachia mwandishi OnInit. Akirudisha jibu la hapana, programu haianzi. Qt ya Wanorwe wa Trolltech, iliyofika kwa umma 1995, haikuificha main, ila inadai kitu chake kitangulie. Ukiunda kitufe kabla ya QApplication, programu inakufa ikikukumbusha kwamba ulipaswa kuanza nayo. Wengi huzichukulia tofauti hizi kuwa ladha za watungaji. Ukizitazama kwa karibu, ni majibu 3 ya swali moja: dakika ya kwanza ya programu ni ya nani? Anayeimiliki dakika hiyo huamua mambo ambayo baadaye hayageuziki kwa urahisi, na la kwanza kati ya hayo ni lugha.

Kwa Tanzania, ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Jambo OpenOffice. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa OpenOffice.org kwa Kiswahili. Sifa zilikwenda kwa waliosaka istilahi, na walizistahili. Kilichosemwa kidogo ni kwamba kazi yao ilipata pa kushika kwa sababu ya usanifu uliotangulia. OpenOffice ilirithi kutoka StarOffice ya Wajerumani maktaba ya madirisha iitwayo VCL, na VCL ina klasi iitwayo Application. Programu nzima ya ofisi, pamoja na uandishi wa nyaraka, lahajedwali na slaidi zake, inasimama juu ya klasi moja iliyorithi hiyo. Katika msimbo wa LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, klasi hiyo inaitwa Desktop. Ndani ya tendo lake la Init, kabla dirisha la kazi halijafunguliwa, lugha huchaguliwa na kutayarishwa. Ikishindikana, hitilafu inasajiliwa hapohapo na mtumiaji anaambiwa. Mfasiri wa Dar es Salaam hakuhitaji kuyafukua madirisha moja moja. Maneno yalikuwa kwenye faili zake kando, na uamuzi wa kutumia faili ipi ulikuwa na mahali pake, tena pamoja tu. Ndiyo maana Kiswahili cha Tanzania kimebaki kwenye orodha ya lugha za LibreOffice hadi sasa, ingawa watu waliokianza walikwishaenda kwenye kazi nyingine.

Linganisha na programu ndogondogo zinazoandikwa kwa ajili ya duka la pembejeo, zahanati au chama cha ushirika. Nyingi zina Kiingereza kilichochomekwa ndani ya kila kitufe, au Kiswahili kilichochomekwa vivyo hivyo, jambo ambalo si bora sana. Qt inatoa njia fupi: kifaa cha tafsiri kinapachikwa kwenye kitu cha programu kabla ya dirisha la kwanza kuumbwa, na kila neno linalopitia tendo la tafsiri hubadilika. Ukikipachika baadaye, madirisha yaliyo wazi hupelekewa tukio la kuyaarifu kwamba lugha imebadilika, lakini kila moja lazima liwe limeandikiwa namna ya kulijibu. Asiyejua habari hizi huhitimisha kwamba tafsiri haifanyi kazi, akarudi kuandika maneno moja kwa moja ndani ya vitufe. Kasoro haikuwa ya tafsiri. Alikosea wakati.

Namba zina hatari kubwa kuliko maneno, kwa sababu neno lililokosewa linaonekana ilhali namba iliyokosewa inaaminika. Kwa desturi ya Tanzania, 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Mkato unatenga maelfu, nukta inatenga sehemu za desimali. Kwa desturi ya Kongo, iliyofuata Wabelgiji, ni kinyume, na kanzidata ya kimataifa ya desturi za lugha inakihesabu Kiswahili cha Kongo hivyo. Karani wa Musoma na karani wa Goma wanaweza kusoma menyu moja kwa Kiswahili kilekile, mmoja akapokea kilo elfu na mia kadhaa, mwingine kilo moja na robo. Kitu cha programu kinahusika hapa kwa namna ambayo wengi hawaitambui. Kwenye Linux, QApplication inapoumbwa huifanya programu nzima ifuate desturi za mfumo endeshi, na tangu hapo amri za zamani za lugha ya C za kugeuza maandishi kuwa namba hubadili tabia bila mwandishi kugusa lolote. Maelezo rasmi ya Qt yenyewe yanatoa onyo juu ya hili. Dawa ni fupi: desturi itangazwe waziwazi katika mistari ya kwanza, na faili za data ziandikwe kwa desturi moja isiyobadilika, chochote kitakachooneshwa kwenye skrini. Saa nazo zina mgogoro wao ambao maktaba hizi hazijausuluhisha. Zinajua kuandika Jumatatu na Agosti, lakini saa 7:00 ya asubuhi huiandika hivyohivyo, wala haziitoi kama saa moja. Nani asahihishe? Si kila dirisha kwa wakati wake, maana ndivyo tunavyopata programu ambayo stakabadhi yake ina saa moja na ripoti yake saa saba kwa tukio lilelile.

Sasa umeme, ambao ndio kiini cha mambo. Klasi hizi zilisanifiwa na watu waliotarajia kuagwa. Zote zina taratibu za kuondoka: wxApp ina OnExit, CWinApp ina ExitInstance, QApplication hutoa ishara ya aboutToQuit inapokaribia kufunga. Mfumo endeshi unapozimwa kwa utaratibu, Windows huiuliza kila programu kama iko tayari, na QApplication huigeuza habari hiyo kuwa ombi la kukabidhi data, mahali ambapo mwandishi anaweza kuhifadhi kazi au kumuuliza mtumiaji. Ni usanifu wa adabu. Dhana yake ni kwamba mashine huzimwa na mtu, au na programu iliyotumwa na mtu. Umeme unapokatika kwenye ofisi ya Bunda yenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, hakuna tukio linaloingia kwenye foleni. Hakuna OnExit. Hakuna ombi la kukabidhi data. Kitu cha programu hakifi kwa utaratibu wake. Kinatoweka katikati ya sentensi. Msimbo wote mzuri uliowekwa mlango wa kutokea unabaki bila kutekelezwa, na mwandishi aliyeujaribu mjini kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima hataelewa malalamiko anayopigiwa simu.

Mtu anaweza kusema kwamba hali imebadilika. Mgawo wa umeme uliosumbua mwaka 2023 ulipungua baada ya Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha Februari 2024. Ni kweli, na mkoa wa Mara, alikozaliwa mwenye jina hilo, umefaidika kama mingine. Lakini wiki chache tu baadaye, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu kwenye gridi ya Taifa iliizima sehemu kubwa ya nchi. Megawati nyingi hazizuii nguzo kuanguka, transfoma kuungua au mtu kukanyaga waya chini ya meza. Na hata katika nchi yenye umeme usiokatika, programu huuawa ghafla kwa sababu nyingine: kumbukumbu imejaa, mtumiaji ameshikilia kitufe cha kuzimia hadi skrini ikawa nyeusi. Ofisi ya Bunda haikuzua tatizo jipya. Imelifanya la kila wiki lile ambalo kwingine ni la mara moja kwa mwaka.

Matokeo yake kwa usanifu ni kuhamisha mzigo kutoka kuondoka kwenda kuingia. Badala ya programu kujiuliza inapofunga, nimehifadhi kila kitu?, ijiulize inapofunguka, mara ya mwisho niliondokaje? Mahali pa swali hilo ni kitu cha programu, kabla ya dirisha la kwanza. Chukua programu ya kupokea pamba. Tangu 2018 ununuzi wa pamba umeelekezwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kwa hiyo karani wa chama ndiye anayesimama kati ya mkulima na mnunuzi. Kila mzigo ukishapimwa unaingizwa, stakabadhi inatolewa, jumla ya mkulima inasogea. Programu inayoweka mizigo kwenye kumbukumbu ya muda na kusubiri jioni ili ihifadhi imemkabidhi mkulima hatari ambayo hakuikubali. Iliyosanifiwa vizuri inaandika kila mzigo mara tu unapothibitishwa, kwenye kanzidata yenye shajara kama SQLite, ambayo inapofunguliwa baada ya ajali huikuta shajara iliyobaki na kuirudisha data kwenye hali yake ya mwisho iliyo salama. Kwa faili za kawaida Qt inayo QSaveFile, inayoandika pembeni kwanza kisha kubadilisha jina, ili faili ya zamani isiharibike kabla mpya haijakamilika. Kisha, dakika ya kwanza, kitu cha programu kinamwambia karani waziwazi: mara ya mwisho hukufunga mwenyewe, mzigo wa mwisho uliohifadhiwa ni huu, uhakikishe na stakabadhi ya karatasi. LibreOffice hufanya jambo la jamii hiyo inapofunguka na kuonesha orodha ya nyaraka zilizookolewa, na klasi yake ya Desktop ina tendo la kupokea habari za ajali zile ambazo programu inawahi kuzihisi. Kwa zile isizowahi, tegemeo ni uhifadhi wa kila baada ya muda pamoja na ukaguzi wa mwanzoni.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni mafunzo: mtumiaji azoeshwe kuhifadhi kazi, ofisi inunue UPS. Vyote ni vyema. Historia ya kompyuta nchini, hata hivyo, inaonya dhidi ya kumtwika mtumiaji kasoro za mfumo. Mwaka 1974 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya mfumo wa hesabu za Hazina kuvurugika. Miongoni mwa sababu zilizotajwa baadaye na watafiti ni utegemezi wa wataalamu wa kigeni na uchache wa wazawa wa kuusimamia mfumo. Kwa maneno mengine, mfumo ulijengwa kwa dhana za mahali pengine, na ulipogongana na mahali ulipo, lawama ikaiangukia mashine. Karani anayeambiwa leo kwamba data zimepotea kwa sababu hakubofya kitufe cha kuhifadhi anabebeshwa lawama ya namna ileile, ila safari hii imemwangukia mtu.

Tatizo la programu kuganda linatoka kwenye foleni ileile na linafichua upande mwingine wa klasi hii. Madirisha huchorwa na uzi mmoja wa utendaji, ule ulioumba kitu cha programu. Tendo moja likichukua muda mrefu, labda kuandika kwenye flashi ya zamani au kusubiri printa iliyo kwenye mtandao wa ofisi, mzunguko unasimama. Windows husubiri sekunde 5 hivi, kisha huandika kwenye kichwa cha dirisha kwamba programu haijibu. Karani anabofya tena, na tena. Mibofyo hiyo haipotei, inapanga foleni. Kazi ikikamilika, yote inatekelezwa, na stakabadhi 3 zinatoka kwa mzigo mmoja. Waandishi wengi wana tiba ya mkato: katikati ya kazi ndefu wanakiamuru kitu cha programu kihudumie foleni kidogo, kwa ProcessMessages kwenye Delphi au processEvents kwenye Qt. Dirisha linafufuka na kila mtu anafurahi. Hawajagundua kwamba wameruhusu mbofyo wa pili uingie ndani ya tendo lilelile kabla la kwanza halijamaliza, na jumla ya mkulima inasomwa mara 2 ikiwa bado haijaandikwa. Stakabadhi 3 huonekana na mkulima mwenyewe akazirudisha. Jumla iliyopotoka hukaa kimya hadi siku ya malipo. Kazi ndefu ipelekwe kwenye uzi mwingine, kitufe kizimwe kwa muda huo, na jibu lirudi kama tukio jipya kwenye foleni. Programu zenyewe kubwa zinaitaabikia kanuni hii: OpenOffice na LibreOffice zina kufuli moja kubwa, SolarMutex, linaloombwa kupitia klasi ya Application, na yeyote anayetaka kugusa madirisha au nyaraka lazima alishike kwanza. Ni suluhisho zito, lakini linasema kweli kuhusu gharama ya kuwa na foleni moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wasanifu wenyewe. Kitu kimoja kinachofikika kutoka kila kona ya msimbo, wanasema, ni jalala. Leo kimewekwa lugha, kesho jina la mtumiaji aliyeingia, keshokutwa muunganisho wa kanzidata na bei ya kilo ya pamba, na mwisho hakuna sehemu ya programu inayoweza kujaribiwa bila kuiwasha yote. Wana haki, na Qt ndiyo shahidi wao. Kwa miaka ya mwanzo QApplication ilibeba kila kitu. Qt 4 ya 2005 ikaitenga QCoreApplication, yenye mzunguko wa matukio bila madirisha, na Qt 5 ya 2012 ikaitenga QGuiApplication katikati. Waandishi walikuwa wamekwama: programu ya kutoa ripoti usiku kwenye seva isiyo na skrini ililazimika kubeba mzigo wa madirisha isiyoyahitaji. Lakini mgawanyo huo haukuifuta klasi, uliipunguza. Unatupa pia kipimo cha nini kikae ndani yake. Jambo likiihusu programu nzima na mashine iliyoibeba, yaani kuanza, lugha, desturi za namba, namna ilivyoondoka mara ya mwisho, kuzuia nakala 2 zisifunguliwe kwa pamoja, mahali pake ni hapa. Likihusu kazi yenyewe, kama uzito, bei, deni na majina ya wanachama, lina klasi zake, na kitu cha programu kinazikutanisha tu mwanzoni. Bei ya kilo ikionekana ndani ya klasi iliyorithi QApplication, usanifu umeharibika, hata kama programu inafanya kazi.

Wengine husema klasi yenyewe haihitajiki, wakitaja Swing ya Java, ambayo mtu huunda dirisha na kulionesha bila kuumba kitu chochote cha programu. Pingamizi hili halina nguvu. Mzunguko upo, umefichwa tu, na waandishi wa Swing walihangaika kwa miaka kuunda kila mmoja mahali pake pa kuwekea mambo ya kuanzia. JavaFX iliyoifuata ikaja na klasi ya Application.

Linabaki la kwamba programu za mezani zimekwisha. Mifumo ya Serikali inayotumika kwenye halmashauri za Mara, kama ya hesabu, mipango na hospitali, hufunguliwa kwenye kivinjari. Kwa nini kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama, apoteze muda na QApplication? Jibu moja ni la kijiografia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora nchini kwa siku kadhaa. Mizani ya pamba haisubiri kebo ya Bahari ya Hindi. Jibu jingine ni kwamba kivinjari chenyewe ni programu ya mezani yenye mzunguko wake, na ukurasa ulio ndani yake una foleni ya matukio yenye tabia zilezile: msimbo mrefu unaigandisha, mibofyo inajipanga, stakabadhi zinatoka mara 3. Aliyeielewa foleni mahali inapoonekana ataitambua inapofichwa.

Na simu, ambazo ndizo kompyuta za wengi kuanzia Mwigobero hadi Kiabakari, zimeliunga mkono shauri la Bunda kuliko ilivyotarajiwa. Android ina klasi yake ya Application, kitu kimoja kwa kila mchakato, chenye tendo la onCreate la kuanzia. Ina pia tendo la kumalizia, onTerminate, lakini maelezo rasmi yanasema kwamba kwenye simu halisi halitaitwa kamwe, kwa kuwa mchakato huondolewa kwa kuuawa tu. Mfumo unaobana kumbukumbu na betri uliona mapema kwamba ahadi ya kuaga haiwezi kutimizwa, ukaiondoa, na kumlazimisha mwandishi ahifadhi kazi angali hai kisha aijenge upya anaporudi. Mwandishi wa programu ya mezani hana anayemlazimisha. QApplication itaendelea kumpa aboutToQuit, na itaendelea kufanya kazi kwenye meza yake kila anapoijaribu kwa kubofya alama ya kufunga. Jaribio linalofaa kufanyiwa programu ya AMCOS kabla ya msimu kufunguliwa ni jingine: ingiza mizigo 10, chomoa waya wa umeme wakati wa 11 ukiandikwa, washa tena, kisha uone programu itamwambia nini karani kabla hajabofya chochote.